Mwamuzi ni Mkalimani wa Dadu: Nasibu na Hukumu katika Michezo ya Maigizo ya Mezani

Utangulizi

Michezo ya maigizo ya mezani ni sanaa ya maneno ambayo bado haijapewa nafasi ya kutosha katika taaluma za isimu na fasihi. Katika mchezo wa namna hii watu wachache huketi pamoja na kusimulia kisa kimoja kwa kushirikiana. Kila mchezaji humsemea mhusika mmoja: hueleza mhusika huyo anakwenda wapi, anasema nini na anatenda nini. Mtu mmoja kati yao hana mhusika wake maalumu. Yeye huieleza dunia ambamo wahusika wanatembea, huwasemea watu na viumbe wengine wote, na hukata shauri pale ambapo kanuni ziko kimya. Mtu huyu hupewa majina mbalimbali. Katika makala haya ataitwa mwamuzi, kwa kuwa jina hilo ndilo linalokaribiana zaidi na lile lililotumiwa na vijitabu vya kwanza vya mchezo wenyewe, na pia kwa kuwa linatokana na kitenzi kilekile kilichozaa neno uamuzi, ambalo ndilo kiini cha mjadala huu.

Mbali na maneno, michezo hii hutumia dadu. Miongoni mwa kazi za dadu ni kuleta kile kinachoweza kuitwa makutano ya nasibu. Wahusika wanapopita katika mapango, magofu au misitu, mwamuzi hurusha dadu kila baada ya muda fulani. Dadu ikionyesha tarakimu iliyowekwa, kuna kiumbe au kundi la watu linalotokea. Kisha dadu hurushwa tena na tarakimu yake hutazamwa katika jedwali ili kujua ni nani aliyetokea. Hakuna mchezaji aliyeomba jambo hilo, wala mwamuzi hakulipanga.

Hapo ndipo panapozuka swali ambalo limewagawa wachezaji na watunzi wa kanuni kwa muda mrefu. Je, mwamuzi afungwe na kile kilichosemwa na dadu, au dadu ni pendekezo tu ambalo anaweza kulibadili kimyakimya akiona halifai? Wapo wanaoamini kwamba hukumu ya mwamuzi ni bora kuliko kipande cha plastiki kisicho na akili. Wapo pia wanaoamini kwamba mwamuzi mwema ni yule anayetii jedwali bila swali. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zimeichukulia nasibu na hukumu kuwa mahasimu wanaogombea kiti kimoja. Ukweli ni kwamba vitu hivi viwili hufanya kazi katika ngazi mbili tofauti za maana. Dadu hutoa kauli, nayo hukumu huifasiri. Kwa hiyo, mwamuzi ni mkalimani wa dadu. Na kama alivyo mkalimani yeyote, uhuru wake ni mpana sana, lakini una mpaka.

Chimbuko la mvutano

Mvutano huu ni mkongwe kuliko michezo ya maigizo yenyewe. Mwaka 1824 afisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliokusudiwa kuwafunza maafisa. Wachezaji walitoa amri, naye mwamuzi alitumia dadu na majedwali kuamua hasara za kila upande. Kadiri miaka ilivyopita, kanuni hizo zilionekana kuwa nzito na zenye kuchosha. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake wa vita. Tangu hapo pakawa na mikondo miwili: mchezo wa kanuni kali na mchezo huru.

Mapokeo ya mwamuzi yalivuka bahari. Mwaka 1880 Charles Totten alichapisha nchini Marekani mchezo wa vita ulioitwa Strategos. Mchezo huo ulifufuliwa karibu karne moja baadaye na wapenzi wa michezo ya vita wa Minneapolis na Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1969 David Wesely aliendesha huko mchezo wa Braunstein, ambamo wachezaji walipewa watu binafsi wa kuwaigiza badala ya majeshi. Dave Arneson aliendeleza wazo hilo katika mchezo wake wa Blackmoor. Kisha, kwa ushirikiano wake na Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, Wisconsin, mwaka 1974 zikachapwa kanuni za Dungeons & Dragons.

Kanuni hizo za 1974 ziliagiza kwamba kila mwisho wa zamu moja ya uchunguzi wa mapangoni, yaani dakika 10 za ndani ya hadithi, mwamuzi arushe dadu moja yenye nyuso 6. Uso wa 6 ulimaanisha kwamba kiumbe mrandaji ametokea. Toleo lililohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981 lilipunguza kasi hiyo: dadu irushwe kila baada ya zamu 2, na kiumbe atokee ikionyesha 1.

Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya kuongeza purukushani tu. Katika matoleo hayo, sehemu kubwa ya alama za ujuzi ambazo humwinua mhusika ilitokana na hazina aliyoileta nje salama, si na viumbe aliowaua. Viumbe warandaji mara nyingi hawakuwa na hazina yoyote ya maana. Kukutana nao kulikuwa hasara: majeraha, uganga uliotumika na silaha zilizopotea. Hivyo dadu ilikuwa njia ya kuupa muda bei. Kwa kanuni za 1981, kundi linalokaa saa moja mapangoni hurushiwa dadu mara 3, na uwezekano wa kukutana na kiumbe angalau mara moja ni takribani asilimia 42. Likikaa saa mbili, uwezekano huo hufikia takribani theluthi mbili. Mchezaji anayesema, "Tuupekue ukuta huu mara nyingine," anajua kwamba ananunua nafasi ya kupata mlango wa siri kwa fedha ya hatari.

Jambo hili ni la msingi katika hoja nzima. Mwamuzi anapofuta makutano kwa siri kwa sababu ya huruma, hawaondolei wachezaji adha peke yake. Anaondoa pia bei ya muda. Kundi lililofanya haraka na kuacha nusu ya hazina kwa hofu, na kundi lililozembea njiani, huishia mahali pamoja. Aliyekuwa mwangalifu amedhulumiwa bila kujua, maana uangalifu wake haukununua kitu.

Makutano si mapigano

Sababu kubwa ya waamuzi kutamani kubadili matokeo ya dadu ni kosa la kisemantiki. Neno makutano limefinywa maana yake hata likawa kisawe cha mapigano. Dadu ikisema kwamba kuna watu wametokea, mwamuzi husikia kwamba kuna vita. Akiona kwamba wahusika wamechoka na vita hiyo itawaua, hujikuta na njia mbili tu: kuwaua au kuighushi dadu.

Kanuni zenyewe hazikusema hivyo. Toleo la 1981 lilikuwa na jedwali la mwitiko. Kwa kiumbe ambaye mwenendo wake haujaamuliwa tayari, mwamuzi hurusha dadu mbili na kujumlisha. Jumla ya 2 huleta shambulio la papo hapo. Jumla ya 3 hadi 5 huonyesha uadui unaoweza kuzaa shambulio. Jumla ya 6 hadi 8 huonyesha kiumbe asiye na uhakika, aliyeduwaa. Jumla ya 9 hadi 11 humaanisha kwamba kiumbe hashambulii. Huondoka au husikiliza maneno. Jumla ya 12 ni urafiki wa moyo mkunjufu. Dadu mbili zina mianguko 36. Shambulio la papo hapo lina mwanguko 1 tu kati ya hiyo 36, uadui una 9, kuduwaa kuna 16, kutoshambulia kuna 9, na urafiki una 1. Kwa maneno mengine, mianguko 26 kati ya 36 huacha mlango wazi kwa mazungumzo kabla ya upanga kuchomolewa.

Yafaa jambo hili lielezwe kwa mfano. Chukulia kwamba wahusika wanne wanatoka katika magofu. Wawili wamejeruhiwa, na mafuta ya taa yao yamebaki kidogo. Mwamuzi anarusha dadu, nayo inaonyesha 1. Anatazama jedwali la mahali hapo na kukuta wanyang'anyi sita. Mwamuzi anayefinya maana ataona maafa, naye atashawishika kusema kwamba hakuna kilichotokea. Lakini dadu imesema nini hasa? Imesema idadi, ambayo ni sita. Imesema aina, ambayo ni wanyang'anyi. Imesema wakati, ambao ni sasa. Haikusema kwamba wanyang'anyi hao wamewaona wahusika kwanza. Haikusema wanatafuta nini, wanamkimbia nani, wamebeba nini, wala kwamba wao wenyewe si majeruhi. Tuseme jedwali la mwitiko linatoa 7, yaani wameduwaa. Sasa mwamuzi ana kazi halisi ya kufanya. Kwa nini wanyang'anyi sita waduwae mbele ya watu wanne wanaochechemea? Labda wamempoteza kiongozi wao ndani ya magofu hayohayo na wanataka habari zake. Labda taa yao imezimika, na mafuta kidogo ya wahusika yana thamani kuliko mfuko wa dhahabu.

Hiyo ndiyo hukumu ya mwamuzi inapokuwa mahali pake. Haikukana hata neno moja la dadu, bali iliuliza kauli hiyo ina maana gani mahali hapa, kwa watu hawa, saa hii. Mwanaisimu ataitambua kazi hii mara moja. Ni kazi ya pragmatiki: kupata maana ya kauli katika muktadha wake. Jedwali lina maana ya msamiati, nayo hukumu hutoa maana ya matumizi.

Nani mwenye kauli?

Hata hivyo, kuna tatizo la kinadharia. Nadharia za pragmatiki, tangu Austin (1962) na Grice (1975), humtazama msemaji mwenye nia. Dadu haina nia. Je, kauli isiyo na msemaji mwenye nia yaweza kufasiriwa?

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatapata tabu kukubali kwamba yaweza. Katika ramli, alama hupigwa bila kuhesabiwa, kisha witiri na shufwa ya alama hizo huunda maumbo, ambayo jumla yake ni 16. Mpiga ramli hakuchagua umbo lililotokea, lakini kulifasiri ni juu yake. Ni kweli kwamba ramli hudai kufichua jambo lililopo, ilhali dadu ya mchezo haidai kujua lolote. Lakini kimuundo kuna kufanana: ishara huzalishwa bila nia, halafu maana hutolewa na mtu mwenye mamlaka mbele ya wanaosikiliza.

Goffman (1981) alionyesha kwamba dhana ya msemaji ni pana mno, na kwamba hugawanyika katika nafasi tatu. Kuna mtamkaji, ambaye mdomo wake unatoa sauti. Kuna mtunzi, ambaye amechagua maudhui na maneno. Kuna mwenye kauli, ambaye msimamo wake ndio unaowekwa na maneno hayo na ndiye anayewajibika kwayo. Mara nyingi mtu mmoja hushika nafasi zote tatu, lakini si lazima. Msomaji wa taarifa ya habari ni mtamkaji; watunzi ni wengine, na mwenye kauli ni chombo kinachomwajiri.

Mwamuzi anaposema kwa hukumu yake, "Mlango una kutu na haufunguki," yeye ni mtamkaji, mtunzi na mwenye kauli. Kauli yake ni ya aina ambayo Searle (1979) aliiweka katika kundi la matamko: kwa kusemwa tu, jambo huwa. Mlango hauna kutu mahali pengine popote isipokuwa katika maneno yake. Lakini anaposema, baada ya kurusha dadu, "Wanyang'anyi sita wanatokea gizani," nafasi hizo zinagawanyika. Mtamkaji bado ni yeye. Utunzi umegawanywa kati ya aliyeandika jedwali, dadu iliyochagua mstari, na mwamuzi anayeuvisha mstari huo maneno. Mwenye kauli, hata hivyo, si mwamuzi peke yake. Mwenye kauli ni meza nzima, kwa kuwa wote waliketi wakikubali kwamba katika jambo hili nasibu itasikilizwa.

Hapa ndipo mfano wa mkalimani unapopata nguvu. Mkalimani wa mahakamani ana uhuru mkubwa. Huchagua msamiati, hupanga upya sentensi, na hutafuta methali inayolingana na ile ya shahidi. Tafsiri ya neno kwa neno ingeharibu ushahidi. Lakini uhuru wote huo haumpi ruhusa ya kubadili kilichosemwa kwa sababu amemhurumia mshtakiwa. Siku anapofanya hivyo, hata kwa nia njema, ushahidi wote aliowahi kuutafsiri hutiliwa shaka. Mwamuzi anayeighushi dadu yuko katika hali hiyohiyo: anasema kwa jina la meza nzima maneno ambayo mwenye kauli ni yeye pekee. Hilo ni tendo la kujipa mamlaka ya wengine kwa siri, nalo ni zito kuliko kosa la kanuni.

Kitendo chenyewe cha kurusha dadu mbele ya wachezaji, au hata nyuma ya kiwambo huku wakisikia mlio wake, ni tendo-usemi. Kinatoa ahadi bila maneno: "Jambo hili sitaliamua mimi." Wahenga walishasema kwamba ahadi ni deni.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni ya mamlaka ya kihistoria. Katika mwongozo wa waamuzi wa mwaka 1979, Gygax mwenyewe alitoa mfano wa kundi lililojiandaa vizuri na kucheza kwa ustadi, ambalo linakaribia kuvurugiwa safari yake na viumbe warandaji. Alisema kwamba mwamuzi anaweza kuwaacha viumbe walioonyeshwa na dadu. Inaonekana, basi, kwamba mtunzi mwenyewe aliruhusu hukumu iishinde nasibu.

Hoja hii ina uzito, lakini mara nyingi hutajwa nusu. Katika mahali hapohapo Gygax alikataza mwamuzi kuwaacha wachezaji wawaue viumbe hao kwa urahisi au watoroke kwa namna isiyo ya kawaida, kwani hilo ni kinyume cha misingi ya mchezo. Tofauti aliyoichora ni kati ya kunyamaza na kusema uongo. Kutomleta kiumbe ni kunyamaza. Kumleta kisha kumpunguzia nguvu kwa siri ni kusema uongo. Mwanaisimu anaweza kukubali kwamba ukimya ni kosa dogo kuliko uongo, na bado akauliza: ikiwa mwamuzi alijua kabla kwamba kiumbe hafai, kwa nini alirusha dadu? Dadu isirushwe pale ambapo mojawapo ya majibu yake halikubaliki. Hukumu iliyochelewa hujifanya huruma. Ingewahi, ingekuwa busara.

Hoja ya pili ni ya mazoea. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, katika utafiti wake juu ya wachezaji wa Minnesota uliochapishwa mwaka 1983, alieleza kwamba udanganyifu wa dadu ulikuwa jambo la kawaida katika michezo hii, kwa waamuzi na kwa wachezaji pia. Hili halipingwi hapa. Lakini wingi wa tendo haulifanyi kuwa kanuni. Na lau meza zote zingekubali kwamba dadu ni pendekezo tu, lisingekuwapo la kuficha. Mwamuzi angetangaza waziwazi kwamba amelitupa. Ile haja ya siri ndiyo ushahidi kwamba ahadi ipo na kwamba inavunjwa.

Hapa yafaa kutofautisha kuficha na kughushi. Mwamuzi anayo haki ya kurusha dadu nyuma ya kiwambo, maana wahusika hawapaswi kujua kila kinachowajia. Kuficha ni kuchelewesha habari. Kughushi ni kuibadili. Kiwambo kiliwekwa kwa ajili ya kazi ya kwanza.

Hoja ya tatu ni ya mchezo huru. Verdy du Vernois aliweka kando majedwali na mchezo ukaendelea. Mwaka 1991 Erick Wujcik alichapisha mchezo wa Amber ambao hautumii dadu kabisa. Ikiwa michezo yaweza kuishi kwa hukumu tupu, kwa nini mwamuzi wa dadu afungwe? Jibu ni kwamba mchezo usio na dadu hauna ahadi ya dadu. Wachezaji wa Amber wanajua tangu mwanzo kwamba hukumu ya mwamuzi ndiyo njia, nao hupima matendo yao kwa kipimo hicho. Anayekemewa hapa si mwenye kuchagua hukumu, bali mwenye kutangaza nasibu na kuendesha hukumu. Aidha, mwamuzi wa Verdy alikuwa na chanzo cha mamlaka nje ya mchezo, yaani ujuzi wa uwanja wa vita. Mwamuzi wa mapango ya kubuni hana ujuzi wa mazimwi unaoweza kuthibitishwa na yeyote. Mamlaka yake hutokana na uthabiti na uaminifu wake tu. Akivipoteza hivyo, hana hazina nyingine ya kuchota.

Hoja ya nne ndiyo yenye utu zaidi. Watu wamejitenga na shughuli zao ili wafurahi pamoja. Je, ni haki jioni nzima iharibiwe na mwanguko mmoja wa dadu? Si haki. Lakini hata hapo siri si dawa ya pekee. Mwamuzi anaweza kuiweka dadu wazi na kusema kwamba jedwali lilikosewa, kwamba halikupasa kuwa na zimwi la ukubwa huo mahali hapo, kisha akaomba meza ikubali kulifuta. Kauli iliyobatilishwa hadharani na wenye kauli ni kauli iliyobatilishwa kihalali, na hakuna aliyedhulumiwa.

Fanani asiyejua mwisho

Wataalamu wa fasihi simulizi wanaweza kushawishika kumwita mwamuzi fanani na wachezaji hadhira. Ulinganisho huo una manufaa, mradi tofauti isisahaulike. Fanani wa ngano anapoita "Paukwa!" na hadhira ikajibu "Pakawa!", hufungwa mkataba. Hadhira inampa fanani ruhusa ya kusimulia ambacho hakikutokea. Fanani hodari hurefusha, hufupisha na hupamba kwa kuwatazama wasikilizaji wake, na hakuna anayemlaumu, kwa kuwa mkataba wao unamtaka afanye hivyo. Lakini mwisho wa kisa anaujua yeye. Hadhira inashangaa, yeye hashangai.

Mkataba wa mchezo wa maigizo ni mwingine. Hadhira yake ni watendaji pia, na kisa hakina mwisho unaojulikana na mtu yeyote. Dadu ndiyo inayolinda hali hiyo. Inapoanguka, kwa nukta moja mwamuzi mwenyewe huwa hadhira: naye anasubiri kuambiwa. Wanyang'anyi sita walioletwa na nasibu humlazimisha atunge jambo ambalo akili yake, ikiachwa katika njia zake ilizozizoea, isingelitunga. Mwamuzi anayeitupa kila dadu isiyompendeza hubaki na dunia yenye ukubwa wa mazoea yake tu, na wachezaji hutembea ndani ya kichwa cha mtu mmoja wakidhani wanatembea duniani.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba nasibu na hukumu si mahasimu katika michezo ya maigizo ya mezani. Hukumu ina nafasi mbili zilizo halali kabisa. Ya kwanza ni kabla ya dadu: kuandika jedwali linalotokana na mahali penyewe, kuondoa kisichokubalika, na kuamua kama kuna haja ya kurusha. Ya pili ni baada ya dadu: kufasiri kilichotokea kwa upana wote wa muktadha, bila kufinya makutano yawe mapigano. Katikati ya nafasi hizo mbili pana kauli ambayo mwenyewe ni meza nzima, na hapo mwamuzi hana ruhusa ya kuingiza mkono.

Kwa wanafunzi wa isimu, michezo hii ni uwanja mpana wa kuchunguza namna maana inavyozaliwa na ishara isiyo na nia, na namna mamlaka ya msemaji yanavyogawanywa miongoni mwa watu wanaoaminiana. Kwa mwamuzi anayeketi mezani na dadu mkononi, ushauri ni mfupi zaidi. Afikiri kabla ya kuirusha. Ikishaanguka, aitazame, kisha awaambie wenzake kwa maneno yake bora kabisa kile ilichosema.